Prototaipu na kielelezo ni vitu viwili

Katika miradi ya wanafunzi wa uhandisi na ubunifu, kila kinachowekwa mezani siku ya maonyesho huitwa prototaipu. Prototaipu ni kitu kinachotengenezwa mapema na kwa gharama ndogo ili kujibu swali ambalo hesabu na michoro haziwezi kulijibu. Kisicho na swali ni kielelezo: kinaonyesha wazo, hakilijaribu.

Chukua mradi wa kumwagilia bustani kwa sensa ya unyevu na Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea programu. Mara nyingi kikundi huunganisha kila kitu kwa mpigo mmoja: sensa, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), pampu, tangi, boksi lililopakwa rangi. Kifaa kikigoma, hakuna anayejua kasoro iko wapi. Kikifanya kazi, kimefanya kazi kwenye kikombe cha udongo, na shamba bado halijaulizwa.

Je, sensa inatofautisha udongo mkavu na wenye maji? Swali hili halihitaji pampu. Kausha udongo wa bustani yenyewe, pima gramu 500, ongeza maji gramu 25 kwa 25, na kila mara uchanganye na kuandika namba ambayo Uno inasoma kutoka kwenye sensa, kati ya 0 na 1023. Udongo wa mfinyanzi na wa kichanga hutoa namba tofauti kwa unyevu uleule, ndiyo maana kiwango cha kuwashia pampu kilichonakiliwa mtandaoni hakifai. Sensa ya vyuma viwili usiiache na umeme muda wote: umeme unaopita kwenye udongo wenye maji hula vyuma hivyo, na namba huanza kupotoka. Iwashe wakati wa kusoma tu.

Je, maji yanafika? Hapa sensa haihitajiki. Tumia jagi lenye vipimo, saa, na mpira ulioinuliwa hadi kimo halisi. Pampu ndogo inayotiririsha vizuri mezani huweza kushindwa kabisa mpira ukipanda mita mbili. Usiiunganishe moja kwa moja na pini ya Uno, ambayo haivumilii zaidi ya miliampia 40. Weka transista iwe swichi ya pampu, na dayodi ya kuikinga transista hiyo pampu inapozimwa.

Je, mkulima ataiamini? Taa inayowashwa kwa siri na mwanafunzi aliyekaa pembeni, kana kwamba kifaa ndicho kinachoiwasha, inatosha. Kabla ya PalmPilot, kompyuta ndogo ya mfukoni, kuundwa, mbunifu wake Jeff Hawkins alitembea na kipande cha mbao mfukoni akijifanya anakitumia. Hakikuwa na waya hata mmoja, na kilikuwa prototaipu kamili.

Kabla ya kujaribu, andika ni matokeo gani yatakufanya uliache wazo. Na usimuulize mzee wa watu kama kifaa ni kizuri, maana kwa heshima atasema ni kizuri. Mpe, nyamaza, tazama anakigusa wapi kwanza.

Kile kilichopakwa rangi kiiteni kielelezo. Hakina ubaya, jopo la walimu linahitaji kukiona. Jina la prototaipu liachieni vikombe vya udongo vilivyoandikwa namba, na siku hiyo mviweke mezani pia, pamoja na daftari la vipimo.