Gari la familia ugenini: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Ukihamia nchi mpya, wiki ya pili tu ushauri wa gari unaanza kumiminika, kila mtu anajua, kila mtu ana fundi wake, na shida ni kwamba mengi wanayokwambia yalikuwa kweli huko mlikotoka, sio hapa mlipo.

Nianze na lililoniuma mwenyewe. "Nimeendesha miaka 12 sijagonga hata kuku, bima watanipa bei nzuri." Wapi! Rekodi yako ya udereva haipandi ndege na wewe, kampuni nyingi za bima zinakuhesabu kama dereva aliyepata leseni jana. Mi nilinunua gari kwanza, hela nimeshatoa, ndo nikapiga simu kuulizia bima, dada wa kwenye simu akaniuliza leseni ya hapa unayo tangu lini, nikamwambia sina, nina ya kwetu, akanyamaza kidogo halafu akanitajia bei nikadhani ni ya miaka mitatu kumbe ni ya mwaka mmoja. Kwa hiyo bima inaulizwa kabla ya kulipia gari, tena kwa modeli ileile na mwaka uleule, maana gari mbili zinazofanana bei zinaweza kupishana sana kwenye bima kisa ukubwa wa injini tu. Na kabla hujahama, au hata ukishafika, iandikie bima yako ya zamani wakupe barua inayosema ulikuwa nao miaka mingapi na hujawahi kudai fidia. Sio kila kampuni itaikubali, ila zipo zinazokubali na punguzo linaonekana.

Hapohapo kuna lile la leseni ya kimataifa. Watu wanadhani ukiwa na kile kijitabu umemaliza, popote unaendesha mpaka uzeeke. Kile kijitabu ni tafsiri tu ya leseni yako, bila leseni yenyewe pembeni hakina maana, na kina mwisho: kinachotolewa kwa mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949 ni mwaka mmoja, cha mkataba wa 1968 hakizidi miaka mitatu. Halafu ukishakuwa mkazi, nchi nyingi zinakupa muda wao wa kubadilisha au kufanya mtihani upya, na ukipitisha muda huo ukapata ajali, bima inaweza kukukana.

Mkopo nao hivyohivyo, historia yako ya kulipa benki ya zamani kwa kawaida huku haionekani kabisa, unaanza sifuri hata kama hujawahi kudaiwa na mtu. Muuzaji anajua hilo, ndo maana atakwambia "usijali, kwa mwezi ni kidogo tu." Muulize jumla mpaka mwisho ni shilingi ngapi, au dola au euro, vyovyote mnavyohesabu hapo. Mkopo ukiwa mrefu sana kuna kipindi unadaiwa pesa nyingi kuliko thamani ya gari lenyewe, yani hata ukiliuza bado una deni.

"Gari la familia lazima liwe na siti saba." Hapa nitabishana na mtu yeyote. Kwenye gari nyingi za siti saba, ukiinua siti za nyuma kabisa buti linabaki la kuweka mkate na mwavuli, kigari cha mtoto hakiingii. Na gari linaweza kuwa pana kwa nje ila viti vitatu vya watoto haviingii sambamba, mikanda inafunikwa, vidole havifiki kwenye kifungio. Dawa ni moja, beba viti vya watoto nenda navyo yadi, vifunge vyote, weka na kigari kwenye buti, muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Angalia pia kama kuna vile vyuma viwili vya ISOFIX, vya kubania kiti cha mtoto, katikati ya mgongo wa siti na pa kukalia, maana sio kila siti inavyo. Na usidhani kiti ulichokuja nacho kinakubalika, kiti chenye alama ya kanuni za Ulaya hakihesabiki halali Marekani wala Kanada, na cha huko pia Ulaya hakipiti. Mtoto anayetazama nyuma asikae mbele kwenye siti yenye eabegi inayofanya kazi, hilo halina nchi.

Nyota tano za usalama? Angalia za mwaka gani. Majaribio ya kugongesha gari yanakazwa kila baada ya muda, nyota tano za 2009 sio nyota tano za 2022.

Halafu kuna "huyu ni wa kwetu, hawezi kunitapeli." Labda hawezi, ila gari lake linaweza kuwa bado lina deni la benki na yeye hakukwambia, na nchi nyingi deni linalifuata gari hata likibadilisha mwenye. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza, na namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na iliyo kwenye gari. Kwa gari za kuanzia miaka ya 80 mwanzoni kawaida ni tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q, ukiziona ujue kuna mkono wa mtu.

La mwisho ni kilomita. "Zimetembea chache, gari zima hilo." Jumamosi moja tulienda kuangalia gari, namba za dashibodi zinasoma kilomita elfu 60, linang'aa, wife keshaanza kuchagua nani atakaa wapi. Nikainama kuangalia pedali ya breki, raba imelika mpaka chuma kinachungulia upande mmoja, usukani umekuwa laini kama sabuni, uchakavu wa kilomita nyingi kuliko zile za dashibodi. Tairi zina zile namba nne za mwisho, 1214, yani zimetengenezwa wiki ya 12 mwaka 2014, na mwenyewe anasema tairi kabadilisha juzi. Nikamwomba tulipeleke kwa fundi wangu, nalipa mimi, akasema hana muda na kuna mteja mwingine yuko njiani. Tukamwambia asante, tukarudi kwa basi.