Ujumbe unamwendea nani?

Jumamosi iliyopita niliitwa kwenye semina ya wasanii chipukizi hapa Mtwara mjini, nizungumze kuhusu kurekodi. Kabla zamu yangu haijafika, mzungumzaji aliyenitangulia akasema yaleyale ambayo mwaka huu nimeshayasikia kwenye harusi mbili, kwenye Hiace ya Masasi na mezani kwa mjomba wangu: "Zamani waliimba ujumbe. Walikuwa sauti ya wanyonge. Siku hizi ni kelele tu." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata vijana wenyewe, wanaoambiwa hawana ujumbe, walipiga makofi. Mimi nikashindwa, na nilipopewa kipaza sauti sikugusa habari ya kurekodi kabisa. Muda haukutosha, kwa hiyo namalizia hapa.

Nina miaka 19 nyuma ya mitambo. Nimerekodi kwaya, dansi, taarabu, singeli, na ngoma za vijijini kwa maiki mbili chini ya mkorosho. Nikiwaambia hilo neno "ujumbe" linatupotosha, siongei kutoka hewani.

Ujumbe unaweza kutoka kwa yeyote kwenda kwa yeyote. Mwenye nyumba akikuletea notisi ya kuhama, ule nao ni ujumbe. Swali langu ni dogo tu: wimbo unamwendea nani? Waswahili tuna maneno mawili tunayoyajua tangu utoto, ila tukifika kwenye muziki tunayasahau. Kuna kuasa na kuna kusuta. Anayeasa husimama juu kidogo: mzazi kwa mtoto, mwalimu kwa mwanafunzi, kiongozi kwa raia. Anayesuta humkabili mtu na alichokitenda, mbele za watu, na mara nyingi msutaji hana kitu mkononi zaidi ya mdomo wake. Kuasa hakumtishi mkubwa hata siku moja. Ndiyo maana ofisi zinakulipia. Nimerekodi nyimbo za vyandarua, za sensa, za kunawa mikono, na zote zililipiwa kama "wimbo wenye ujumbe". Ni kazi halali na watoto wangu wamekula kwazo. Lakini usiniwekee kapu moja na wimbo wa mkulima anayedai pesa yake.

Sasa chukua zilipendwa, ukae nazo na kalamu. Nazipenda kuliko wengi wanaozisifia. Hesabu zinazosema: msichana usidanganyike na mjini, kijana rudi ukalime, baba acha ulevi, wafanyakazi tuongeze bidii. Nyingi mno. Wimbo wa namna hiyo unamwendea mnyonge, ukimkanya. Na sababu haina siri yoyote. NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma, ilianza kama bendi ya chama cha wafanyakazi kilichokuwa chini ya mkono wa Serikali. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bima Lee ya Shirika la Bima. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Gitaa si lako, amplifaya si yako, mshahara unatoka kwa mwajiri. Utamsuta nani?

Halafu huku Bara redio ilikuwa moja, RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, na maneno ya wimbo yalisomwa kwanza kabla ya kurekodiwa. Ndugu zangu, hili ndilo linaloniwasha. Tunachokiita "muziki wa zamani" ni kile kilichopita kwenye chujio lile. Nyimbo zilizokwama hukuzisikia, na mtu hawezi kukumbuka alichokosa kukisikia. Unachukua mabaki ya chujio la jana, unayalinganisha na kila takataka inayopandishwa YouTube leo asubuhi, halafu unatoa hukumu.

Mfano upo na kila mtu anaujua. Remmy Ongala alitoka Kongo akaingia Dar es Salaam mwaka 1978. UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu, akaimba "Mambo kwa Soksi", kuhusu kondomu. Redio ikakataa kuupiga, ukaenea kwa kaseti na kwenye kumbi. Leo Remmy akitajwa, watu wazima wanatikisa kichwa kwa heshima: mzee wa ujumbe yule. Wakati ule aliambiwa anaimba matusi. Neno lilelile wanalotupiwa vijana wangu.

Nenda nyuma zaidi bado utakuta kusuta. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyeshutumiwa kumuua mwanamke mgeni kule Unguja kisha akatorokea bara, huku wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Mahakama ilishamaliza kazi yake. Wimbo ukaifungua kesi upya mbele ya watu, na safari hii hakimu naye akawa mshtakiwa. Ngoma za beni nazo, za vikundi vya Marini na Arinoti enzi za ukoloni, zilivaa magwanda na kupiga kwata kama jeshi la mkoloni, na hadi leo wasomi wanabishana kama kule kulikuwa kumwiga au kumdhihaki. Kwa maoni yangu ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Tuendelee.

Hapa kwetu ndipo nataka kukaa. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda na mitambo yangu hadi kijiji kimoja cha Uwanda wa Makonde kurekodi ngoma. Akatoka lipiko, mchezaji aliyevaa kinyago. Mnajua mapiko: tangu enzi za mababu yanachezesha sura za watu, akiwemo Mzungu wa wakati wa ukoloni. Yule wa siku ile alikuwa na tumbo la kubandika. Hakuimba wala hakusema neno. Alitembea tu, mkono mmoja nyuma, akisimama kila hatua 3 kukagua kitu ambacho hakipo, halafu anaandika hewani. Kina mama walicheka mpaka wakashika magoti, na vichwa vyote vikageukia upande mmoja wa uwanja, palipokuwa na viti vya plastiki. Sikuhitaji kuambiwa aliyekaa pale ni nani.

Usiku nikaweka hedifoni nisikilize nilichonasa. Ngoma safi kabisa, vumbi, vicheko. Hakuna kingine. Mtu akiletewa rekodi ile miaka 50 ijayo ataandika: burudani ya asili, haina maneno, haina ujumbe. Kusuta kulikuwa kwenye mwendo wa mtu na kwenye shingo za waliogeuka, na maiki hainasi shingo.

Kwa hiyo nina kipimo changu cha kienyeji: wimbo ulipopigwa, watu walimgeukia nani? Kinanisaidia kwa yanayotokea mbele yangu. Kwa nyimbo za kabla sijazaliwa hakinisaidii sana, nakiri, kwa sababu walioona vichwa vikigeuka wengi wameshazikwa. Na hapo wanaingia wajuaji wa upande wa pili, wanaonichosha vilevile: wale ambao kila wimbo wa mapenzi wa miaka ya 70 wanaugeuza kuwa fumbo la siasa. Mpenzi aliyekimbia ni Serikali, mama mkwe ni chama. Inawezekana kwa wimbo mmoja au miwili. Lakini fumbo linahitaji mtegaji na mteguaji waliokuwa mahali pamoja, na jambo walilokuwa wanalijua wote. Bila hayo umejitungia tu wimbo wako juu ya wimbo wa marehemu. Mtu alikuwa ameachwa na mke, akalia kwa gitaa. Mwacheni alie.

Kizazi cha kuchana sitakieleza kirefu, mnakijua. Sugu na "Hali Halisi", Wagosi wa Kaya na "Wauguzi". Ila "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, 2001, naomba msikilize tena, na safari hii msimsikilize Jay. Yeye amejivika joho la mwanasiasa jukwaani, anaahidi mambo yasiyowezekana. Sikilizeni waitikiaji. Ahadi inazidi kuwa kubwa, wao wanaitikia kwa furaha ileile. Hakuna mtu aliyetajwa jina, na watu wawili wanasutwa kwa mpigo mmoja: anayeahidi na sisi tunaoitikia. Anayesema bongo fleva haijawahi kuwa na akili aanzie hapo.

Chujio nalo halijaenda popote, limebadilika umbo. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya "Wapo", BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia wimbo, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Mimi nilibaki na swali ambalo mpaka leo linanisumbua: wimbo wa kusuta ukikumbatiwa na mwenye mamlaka, bado unasuta? Ng'ambo ya Ruvuma, Azagaia, mchanaji wa Msumbiji, hakukumbatiwa. "Povo no Poder" aliitoa 2008 baada ya ghasia za nauli Maputo, bila fumbo lolote. Alipofariki Machi 2023, maandamano ya kumkumbuka yakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Huwa nayaweka mambo haya mawili mezani, naona njia zote mbili zina hasara, na sijui nimshauri kijana ipi.

Na kuna nyimbo zisizo na studio kabisa. Waliokuwepo hapa mwishoni mwa 2012 na Mei 2013, watu walipopinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, wanakumbuka "gesi haitoki". Silabi 6. Gonga mezani utaona zinavyokaa kwenye mapigo zenyewe. Watoto waliokuwa hawajui gesi inachimbwaje walikuwa wanaipigia makofi njiani. Mtunzi hakuna, mrabaha hakuna, na hutaikuta kwenye orodha yoyote ya nyimbo bora.

Sasa nifike kwa lililonikera zaidi Jumamosi, maana mstari wa tatu alikaa kijana ninayemfahamu. Hakupiga makofi. Alikuwa ananiangalia mimi.

Alikuja studio misimu miwili iliyopita kutoka huko juu, ana wimbo wa korosho. Beti la kwanza: mama anauza kangomba sebuleni, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, korosho zinapimwa kwa chombo kilichozidi kilo, kwa sababu mtoto anatakiwa kuripoti shule na malipo ya mnada hayajaingia. Beti la pili: kiongozi mmoja anayesimama mkutanoni kukemea kangomba, usiku mzani uko kwake. Na alimtaja kwa jina.

Nikasimamisha mdundo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, jina toa. Weka fumbo. Wazee wetu walifumba."

Akasema, "Kaka, nikitoa jina utabaki wimbo wa kuwasema wakulima."

Nikamwona mtoto. Nilikuwa namlinda yeye, na nilikuwa nailinda leseni yangu pia, nisidanganye. Akakubali shingo upande. Badala ya jina tukaweka "wapo wanaonunua usiku". Nikaupiga miksi, ukatoka msafi. Kituo kimoja cha redio wakaupenda mno, wakaupiga msimu mzima, na mtangazaji kila mara akiutambulisha alisema: wimbo wenye ujumbe mzito huu, wakulima acheni kuuza kangomba. Alivyosema kijana ndivyo ilivyokuwa. Jina lilipotoka, wimbo ukageuka ukamwelekea mama yule wa sebuleni.

Fumbo la lipiko lilifanya kazi kwa sababu mhusika alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki. Redioni kiti ni kitupu, kila msikilizaji anamkalisha amtakaye, na wengi humkalisha mnyonge. Hilo nilipaswa kulijua kabla yake. Kazi hii ni yangu.

Nilipotoka semina nikafungua studio, nikaiwasha kompyuta. Kwenye faili la wimbo ule, mstari wa 7 una beti la pili kama alivyoliimba mwanzoni, kabla hatujatoa jina. Sikuwahi kulifuta, nililizima tu. Nikalisikiliza mara mbili. Sauti yake imepasuka kidogo kwa sababu alikuwa karibu mno na maiki, na jina liko pale pale, dakika ya 1 na sekunde 48.

Nimempigia. Amesema wiki hii anapulizia mikorosho salfa, atashuka Alhamisi.