Stelingi wa Kike Asiye na Haya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Shangazi yangu ana namna yake ya kuangalia vichekesho vya matusi ya nguoni. Hufunika uso kwa viganja viwili, halafu huachanisha vidole. "Mungu wangu, huyu binti hana haya!" husema, huku machozi ya kicheko yakimtiririka. Stelingi akiwa mwanamume, na vituko vikawa vilevile, shangazi hafuniki uso wala hamtaji Mungu. Anacheka tu, basi.

Humkumbuka kila ubishi huu unapozuka: je, komedi ambazo stelingi wake ni mwanamke mlevi, mwenye mdomo mchafu, anayelala na amtakaye na kuwaharibia watu sherehe zao, zinaudhi? Wapo wanaozilaani na wapo wanaozitetea, na pande zote mbili zimebeba mambo ambayo ukiyachungua hayasimami. Napitia yale ninayoyasikia mara nyingi.

Dhana: Zamani wanawake wa kwenye vichekesho walikuwa na staha

Hii inarudiwa kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Mwaka 411 KK, Athens ikiwa vitani na Sparta, Aristophanes, mtunzi wa vichekesho wa Ugiriki ya kale, alipeleka jukwaani mchezo wa Lysistrata. Humo wanawake wa Ugiriki wanakubaliana kuwanyima waume zao unyumba mpaka vita iishe. Wanakula kiapo kwa mvinyo, ambao wanauchangamkia kuliko kiapo chenyewe. Haupiti muda wanaanza kutafuta visingizio vya kutoroka warudi kwa waume zao, kwa sababu mgomo umewashinda wao kwanza. Waigizaji walivaa viungo bandia vya kiume ili hadhira ione wazi jinsi wanaume walivyobanwa. Yote hayo yalifanyika hadharani, kwenye tamasha la mungu wao Dionysus.

Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer wa Uingereza alimwandika mwanamke wa mji wa Bath aliyezika waume watano na anayesimulia kwa majigambo jinsi alivyowaendesha, chumbani na nje ya chumba. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyemzidi huyo kwa ukavu wa macho.

Kwenye sinema, jina la kutaja ni Mae West, mwigizaji wa Marekani. Mwaka 1926 aliandika na kuigiza tamthilia iliyojaza ukumbi Broadway, kitovu cha tamthilia cha New York, kwa miezi mingi. Februari 1927 polisi wakavamia, na mahakama ikampa siku 10 jela kwa kosa la kupotosha maadili ya vijana. Alitumikia siku 8, akapunguziwa 2 kwa mwenendo mwema, jambo ambalo naamini lilimchekesha yeye kuliko mtu yeyote. Kufikia 1933 alikuwa nyota wa filamu, mwanamke wa miaka 39 anayewatongoza wanaume kwa lugha ya mafumbo ambayo kila mtu aliielewa, na filamu yake moja ya mwaka huo iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora.

Kisha mkasi ukaingia. Kanuni za maadili za Hollywood, zile zilizojulikana kwa jina la Hays, zilipitishwa 1930 lakini zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na zikadumu hadi 1968 zilipopisha mfumo wa kupanga filamu kwa umri. Televisheni ya Marekani nayo ilikuwa na woga wake. Mchekeshaji Lucille Ball alipokuwa na mimba, na mhusika wake pia akawa na mimba, kipindi chake hakikuruhusiwa kutamka neno "mjamzito". Yeye na mume wake, ambao walikuwa mke na mume hata nje ya kamera, walionyeshwa wakilala vitanda viwili. Kwa hiyo yule mwanamke mtulivu tunayemkumbuka kwenye picha nyeusi na nyeupe, kwa sehemu kubwa, ametengenezwa na mkaguzi.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa historia hii hulipita haraka. Aristophanes alikuwa mwanamume, na walioigiza wanawake wake walikuwa wanaume pia. Ule mzaha kwamba mwanamke hawezi kujizuia akiona mvinyo au kitanda ulikuwa wa wanaume, ukimhusu mtu ambaye kwenye jukwaa lile hakuwa na sauti. Hilo ndilo lililobadilika hasa. Uchafu ni uleule wa kale; kalamu ndiyo iliyohama mikono.

Dhana: Mwanamke akiandika mwenyewe, filamu haiwezi kumdhalilisha mwanamke

Laiti ingekuwa hivyo.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo watu huyachanganya wakiongelea filamu hizi: kuchukiza, kukera na kudhalilisha. Tukio la mtu kutapika kwenye sinki linachukiza. Tusi linalotolewa mbele ya mkwe linakera. Kudhalilisha ni kumshusha mtu thamani kwa vile alivyo, na hilo linaweza kufanywa bila neno chafu hata moja. Ukiyatenga maneno haya, nusu ya ubishi unakufa palepale.

Chukua Bridesmaids ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Kristen Wiig na Annie Mumolo. Tukio lake maarufu ni la wanawake waliokula chakula kibovu, ambao matumbo yanawageuka wakiwa ndani ya duka la nguo za harusi. Wanaozipinga filamu hizi hulitaja kama ushahidi wa jinsi waandishi wa kike walivyoharibika. Kumbe wazo lile halikutoka kwa waandishi hao. Lilitoka upande wa mtayarishaji Judd Apatow na mwongozaji Paul Feig, na Wiig mwenyewe alikuwa na wasiwasi nalo. Linachukiza? Sana. Linamdhalilisha mtu? Sioni. Matumbo hayakumchagua mtu, na ukilitazama vizuri, kinachochekesha ni ubishi wa bibi harusi na wenzake wanaong'ang'ania kubaki wapambe warembo huku miili yao imeshakataa.

Kwenye filamu hiyohiyo yumo Megan, aliyeigizwa na Melissa McCarthy, mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, asiyejali mavazi. Hapa wakosoaji waligawanyika. Wapo walioona kwamba unene wake ndio umefanywa kichekesho. Mimi naona anayechekesha ni mtu anayejiamini kupita mipaka, na ndiye huyohuyo anayemkalisha stelingi chini na kumwambia aache kujionea huruma. McCarthy aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo. Hata hivyo siwezi kumlaumu aliyeona tofauti, kwa sababu mpaka kati ya kucheka na mtu mnene na kumcheka mtu mnene ni mwembamba, na waigaji waliofuata waliuvuka mara nyingi.

Sasa weka pembeni yake Rough Night ya 2017. Mwongozaji ni mwanamke, Lucia Aniello, na marafiki watano wanasherehekea kuagana na ukapera wa mmoja wao. Mwanamume aliyedhaniwa ni mcheza dansi ya kuvua nguo wa kukodiwa anakufa kwa ajali, na sehemu kubwa ya vichekesho inayofuata ni ya kuhangaika na maiti yake. Matusi yake si makali kuliko ya filamu nyingine za aina hii. Kilichowakera wengi ni jinsi kifo cha mtu anayeaminika kuuza mwili kilivyofanywa mzigo wa kuficha tu. Na kule nyuma filamu za wanaume zilishafanya hivyohivyo kwa maiti za wanawake. Kubadilisha jinsia hakukuufuta ubaya wa mzaha. Kumegeuza tu upande wa kulala maiti.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa mambo ya ridhaa. Mwanamume kwenye filamu anakataa, anasukuma mkono, au amelewa hajijui, na mwanamke anaendelea, na sisi tunatarajiwa kucheka kwa kuwa eti mwanamume hawezi kukataa jambo kama lile. Geuza nafasi zao kichwani uone kama kicheko kinabaki. Mwandishi awe mwanamke, awe nani, mzaha huo una mtu chini yake.

Siku moja tuliangalia filamu ya namna hii, jina nitaliacha. Shangazi alivumilia kila kitu: choo, kitanda, bangi, matusi. Aliinuka pale walipomcheka mhudumu wa hoteli kwa sababu ya lafudhi yake. "Huyo kakosa nini?" aliuliza, akaenda zake.

Dhana: Hazina soko, wanawake wenyewe hawazitaki

Hili linajibiwa na hesabu. Bridesmaids iligharimu kama dola milioni 32 na kuingiza zaidi ya milioni 280 duniani kote. Mwaka huohuo Bad Teacher, ambayo mwalimu wake ni mlevi, mwizi na hataki kufundisha, ilitengenezwa kwa takribani milioni 20 ikaingiza zaidi ya milioni 200. Girls Trip ya 2017, hadithi ya marafiki wanne Waafrika wa Marekani walioenda New Orleans kustarehe, ilipita milioni 100 ndani ya Marekani pekee na kumfanya mwigizaji wake Tiffany Haddish nyota kwa usiku mmoja. Ilitoka wiki tano tu baada ya Rough Night, ambayo haikufikia hata nusu yake.

Lakini tusidanganyane kwa upande mwingine. Joy Ride ya 2023 ilisifiwa na wachambuzi na bado haikurudisha gharama zake. Komedi hizi huuza na hushindwa kama filamu nyingine zote. Tofauti ni kwamba ya wanaume ikianguka, inasemwa filamu hiyo ni mbaya. Ya wanawake ikianguka, inasemwa wanawake hawachekeshi. Dai hilo mwandishi Christopher Hitchens aliliandika waziwazi kwenye jarida la Vanity Fair mwaka 2007, na miaka minne baadaye wapambe wale wa Bridesmaids walilijibu kwa tiketi.

Dhana: Ni kuwaiga wanaume tu

Zipo zinazoiga, kweli, na hizo ndizo zinazochosha. Ila angalia mwisho wa filamu. Kwenye Hangover ya 2009, wanaume wanalewa, wanampoteza bwana harusi, wanaiba chui milia wa watu, kisha wanafika harusini wamechelewa kidogo na dunia inawapokea. Kwenye Trainwreck ya 2015, iliyoandikwa na Amy Schumer, ambaye ndiye stelingi wake, mhusika anayekunywa na kulala huku na huku analazimika kuzigawa chupa zake za pombe na kwenda kucheza dansi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu ili daktari aliyempenda amrudie. Mwanamume anastarehe halafu anarudi nyumbani. Mwanamke anastarehe halafu anatubu.

Ndiyo maana nawashangaa wanaosema filamu hizi zinabomoa maadili. Nyingi, ukiondoa matusi, zina mahubiri ambayo hata mkaguzi wa 1934 angeyapitisha: acha pombe, omba msamaha, tulia na bwana mmoja. Kama kuna kinachoniudhi mimi, ni hiki. Saa nzima na nusu tunaalikwa kumfurahia mwanamke kwa uhuru wake, kisha dakika 15 za mwisho anapewa bili. Bad Teacher angalau ilikuwa na ujasiri wa kutomwadhibu vizuri: mwalimu yule anaishia kuwa mshauri wa wanafunzi, na sura yake haionyeshi kwamba amejifunza sana.

Dhana: Kumwonyesha mkosaji ni kumsifu

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika zamani kwamba komedi huiga watu walio chini ya kiwango cha kawaida. Mhusika mwenye adabu zake zote hachekeshi, awe wa kike au wa kiume.

Dhana: Asiyecheka ni mshamba

Watetezi wa filamu hizi wana ubabe wao pia. Ukisema umekerwa, unaambiwa huelewi mzaha, au unawaonea wivu wanawake huru. Huo ni uvivu wa kujibu. Mtu anaweza kuunga mkono haki ya mwanamke kuigiza mlevi, na bado asitake kuona choo kikifurika wakati anakula. Anaweza kucheka tukio moja na kukereka na linalofuata, kama shangazi.

Wengine hujibu kwamba onyo lilishatolewa mlangoni. Ni kweli lipo. Marekani, alama ya R inamtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mtu mzima anayemlea. Uingereza ni wakali zaidi: filamu ya alama ya 15 au 18 ikionyeshwa ukumbini, asiyefikisha umri haingii hata akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Alama hizo hutaja matusi, ngono, dawa za kulevya. Hazikuambii mzaha umemwangukia nani, na hilo ndilo linalomwinua mtu kwenye kiti.

Shangazi amepata njia yake. Hunipigia simu. "Ile mpya," huuliza, "wanamcheka nani?" Nikimjibu kwamba wanajicheka wenyewe, huniambia nisiianze mpaka afike.