Ombi la papo kwa papo: Nehemia mbele ya mfalme

Ombi la papo kwa papo ni lile analoomba mtu akiwa katikati ya shughuli, bila kupiga magoti wala kufumba macho, na mara nyingi bila hata kufungua kinywa. Mfano wake ulio wazi sana katika Agano la Kale ni Nehemia 2:4, ingawa maneno aliyoyasema Nehemia kwa Mungu wakati huo hayakuandikwa.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, huko Shushani. Mwezi wa Nisani, mwaka wa 20 wa mfalme huyo (yapata 445 KK), alimpelekea divai huku uso wake umejaa huzuni. Mfalme akataka kujua kulikoni, maana mtu mwenyewe haumwi. Nehemia anakiri kwamba aliogopa mno, na haki yake: kwa mujibu wa Ezra 4, Artashasta ndiye aliyeamuru ujenzi wa Yerusalemu usimamishwe mpaka atoe amri nyingine. Hata hivyo akaeleza. Mji yalipo makaburi ya baba zake uko ukiwa, na malango yake yameteketea kwa moto. Mfalme akauliza: unataka nini?

Kabla hajajibu, Nehemia akamwomba Mungu wa mbinguni. Malkia ameketi kando, mfalme anangoja jibu. Ombi gani lingeweza kuwa refu hapo?

Wapo wanaoutumia mstari huu kujitetea kwamba maombi marefu hayana haja. Hao wameruka sura ya kwanza. Habari za Yerusalemu zilimfikia Nehemia mwezi wa Kisleu, kupitia kwa ndugu yake Hanani, na kutoka Kisleu mpaka Nisani ni kama miezi minne. Alilia, akafunga, akaomba usiku na mchana, akiungama dhambi za Israeli na kujihesabu yeye na nyumba ya baba yake miongoni mwa waliokosa. Mwisho wa maombi hayo anasema jambo ambalo mimi huliona zito kuliko mengine yote: anamsihi Mungu amfanikishe “leo” na kumpa rehema mbele ya “mtu huyu”. Mtu huyu ni Artashasta! Mbele ya kiti cha enzi Nehemia atatetemeka, lakini akiwa faraghani na Mungu wake, mfalme wa Uajemi hatajwi hata kwa cheo.

Kwa hiyo lile ombi la Nisani halikuanzia pale mezani. Lilikuwa kipande cha mazungumzo yaliyokwisha kuendelea kwa miezi, ndiyo maana likatosha kuwa fupi. Asiyezoea kuomba naye anaweza kumlilia Mungu kwa ghafla, na Biblia haimkatazi; Petro alipoanza kuzama alisema tu, “Bwana, niokoe.” Ila kisa cha Nehemia si cha mtu aliyeshtukizwa.

Tena angalia alivyojibu baada ya kuomba. Hakubabaika. Alipoulizwa atakaa huko muda gani, alitaja muda. Akaomba nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, yaani Frati, wampe njia, na waraka mwingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Jina la mtunza msitu analijua! Hapo unaona kwamba katika miezi ile ya kufunga na kulia, alikuwa pia akifikiria mbao zitatoka wapi.

Mtindo huo aliendelea nao kazini. Sura ya 4 inasema maadui walipofanya shauri waje kupigana na Yerusalemu, Wayahudi walimwomba Mungu wao, na katika sentensi iyo hiyo wakaweka walinzi, mchana na usiku.