Mzunguko wa likizo haufuati umri wa mtoto wa mwisho

"Huyu hana likizo ya uzazi yenye malipo, mtoto wake wa kwanza hajatimiza miaka mitatu." Maneno haya hutoka kwa maofisa rasilimali watu wenye vyeti ukutani, tena bila kigugumizi. Ni makosa, na anayeumia ni mama anayerudi nyumbani akiamini sheria ndivyo ilivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), haijapanga nafasi kati ya mtoto na mtoto. Ilichopanga ni mzunguko wa likizo. Kwa likizo ya mwaka, mzunguko ni miezi 12. Kwa likizo nyingine zote, yaani uzazi, ugonjwa, likizo ya baba na msiba, ni miezi 36 ya ajira mfululizo. Hesabu inaanzia siku mtu alipoajiriwa. Miezi 36 ikitimia, mzunguko unafungwa, mwingine unafunguliwa palepale, na haki zote zinaanza upya hata kama mtoto wa juzi bado ananyonya.

Chukua mfanyakazi aliyeajiriwa 1 Machi 2022. Mzunguko wake wa kwanza uliisha 28 Februari 2025. Alijifungua Novemba 2024, akalipwa siku zake 84. Akijifungua tena Juni 2026, kati ya watoto hao kuna miezi 19 tu, lakini huyu wa pili ameangukia mzunguko wa pili. Analipwa siku 84 kamili, na wakiwa mapacha analipwa 100. Hakuna cha kujadili hapo.

Sasa geuza. Mfanyakazi huyohuyo angejifungua Aprili 2025 na tena Januari 2028, watoto wangepishana miezi 33, lakini wote wawili wangekuwa ndani ya mzunguko mmoja unaoisha 29 Februari 2028. Kwa huyo wa pili sheria haimlazimishi mwajiri kulipa. Ila mtoto wa kwanza akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana siku nyingine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko uleule. Na asipokuwa na haki ya malipo, hilo halimfanyi afukuzike: kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito hakuwi halali kwa vyovyote. Wala usimwite kazini kabla ya wiki sita kupita tangu ajifungue, isipokuwa daktari awe ameandika kuwa anaweza.

Tatizo kwa kawaida lipo kwenye jedwali la kompyuta. Safu ya "likizo ya uzazi ya mwisho" ipo, ya tarehe ya kuajiriwa haipo. Ifute hiyo ya kwanza. Weka tatu: tarehe ya kuajiriwa, tarehe mzunguko wa sasa ulipoanza, tarehe utakapoisha. Kila swali la likizo linajibiwa hapo kwa nusu dakika. Sheria inaruhusu pia mwajiri na wafanyakazi kukubaliana mzunguko mmoja wa pamoja, mradi hakuna anayepunguziwa siku za malipo.

Kosa lilelile, kwa sura nyingine, liko kwenye ugonjwa. Wafanyakazi wanaamini siku 126 hurudi kila Januari, na wahasibu wengi wanaamini hivyo pia. Siku hizo ni za miezi 36. Siku 63 za kwanza zinalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Aliyetumia siku 40 mwaka 2024 na siku 30 mwaka 2025 ndani ya mzunguko mmoja amefika siku ya 70, kwa hiyo siku saba za mwisho ni za nusu mshahara. Anayefuta hesabu kila mwaka mpya hulipa zaidi bila kujua. Na yule anayekata nusu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa "ndiyo utaratibu wetu", anamwibia mfanyakazi.

Zikiisha 126, mkataba haufi wenyewe. Mwajiri anatakiwa achunguze ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, amsikilize mfanyakazi, atafute kazi nyepesi kama ipo, ndipo aamue. Barua ya kusitisha ajira inayotoka siku ya 127 ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili.

ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa kazini, lazima itoke hospitali ya serikali? Hapana. Inatosha iwe ya daktari aliyesajiliwa. Ya mtaalamu mwingine mwajiri anaweza kuikataa, lakini awe na sababu ya maana. Bila cheti chochote, ndiyo, anaweza asilipe.

"Amekula miezi mitatu ya uzazi, likizo ya mwaka atadai ya nini?" Atadai siku zake 28, kwa sababu sheria inakataza kuweka likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine. Hili lisirudi mezani.

Kipindi cha majaribio nacho kinasingiziwa. Sheria inaangalia miezi sita ya utumishi. Aliyethibitishwa baada ya miezi mitatu bado hajafikia likizo yenye malipo, na aliyeongezewa majaribio hadi mwezi wa nane ameshaifikia.

Akina baba: siku tatu, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Anayesubiri mke atoke kwa mama yake ndipo aombe, amechelewa. Na ni tatu kwa mzunguko mzima, hata wakizaliwa watoto wawili kwa nyakati tofauti.

Msiba ndipo ugomvi mwingi usio wa lazima hutokea. Siku nne zenye malipo ni kwa mtoto akiugua au kufariki, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mkwe hayumo, shangazi hayumo, na kila mtu anajua msiba wa mkwe haukwepeki. Nazo ni za mzunguko mzima, si za kila tukio. Safari ya Dar es Salaam hadi Bukoba pekee inazila. Siku za ziada huombwa bila malipo, na tangu marekebisho ya 2025 sheria inatambua likizo isiyo na malipo ya hadi siku 30 kwa makubaliano. Yaandikwe, hata kwa mistari mitatu yenye tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi na sahihi mbili. Pasipo karatasi hiyo, anayerudi matanga yakiisha hukuta barua ya utoro mezani.