Kasi ya Timu Si Miguu ya Mtu Mmoja

Kila msimu wa usajili wa mpira wa Kimarekani vyuoni, video zinazosambaa kuliko zote ni za kijana wa sekondari anayewaacha wenzake yadi kumi nyuma. Mashabiki hushangilia kwamba sasa timu yao imepata kasi. Mimi naona hapo ndipo wanapojidanganya.

Dhana: Mwenye mkimbiaji hatari kuliko wote ndiye mwenye kasi

Chukua fainali ya taifa ya vyuo vya Marekani ya Januari 8, 2007, pale Glendale, Arizona, kati ya vyuo vya Ohio State na Florida. Ohio State, ambayo haikuwa imefungwa msimu mzima, ilikuwa na Ted Ginn Jr., bingwa wa mbio za viunzi tangu sekondari. Florida wakapiga mpira wa kuanzia, Ginn akaudaka, akakata yadi 93 hadi mwisho wa uwanja. Mechi ikaisha 41-14, na mshindi akawa Florida.

Ni kweli Ginn aliumia mguu katika kushangilia bao lile, na pengo lake lilionekana. Lakini hata angekuwapo, mpira ungemfikiaje? Jarvis Moss na Derrick Harvey, walinzi wa Florida wanaoshambulia kutokea pembeni mwa mstari wa mbele, walikuwa wakiwazunguka wazuiaji wa Ohio State kabla hawajajipanga vizuri miguuni. Kwotabeki wa Ohio State, yaani mrusha pasi wao, Troy Smith, aliyetoka kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alimaliza usiku ule na yadi 35 za pasi. Mashambulizi yote ya Ohio State yalizaa yadi 82. Kasi iliyoamua mechi ilikuwa ya watu wenye kilo zaidi ya mia, tena katika hatua tatu nne za kwanza tu. Msajili anayejua kazi yake, akienda kumtazama mlinzi wa mbele, hutazama anavyochomoka.

Dhana: Muda wa yadi 40 unatosha

Yadi 40, mbio fupi ambazo wasajili huzitumia kupima kasi ya mchezaji, ni karibu mita 36.6, kwenye mstari ulionyooka, bila kofia wala vikinga mabega, bila mtu wa kukugonga. Shuleni mara nyingi hupimwa kwa saa ya mkononi, na kidole cha kocha anayempenda kijana wake huwa chepesi. Emmitt Smith alitoka chuo cha Florida akisemwa hana mbio. Alistaafu NFL, ligi ya kulipwa, akiwa na yadi 18,355 za kukimbia na mpira, rekodi ambayo bado inasimama. John Ross wa chuo cha Washington alikimbia sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya majaribio ya NFL wakati huo, na hakupata kuwa nyota. Kwangu mimi, muda wa mita 100 uliopimwa kwa mashine kwenye mashindano ya shule una uzito zaidi.

Dhana: Kasi ni mali ya Kusini mwa Marekani, wengine wakubali tu

Florida ya kusini ina vijana wengi wenye mbio, hilo halina ubishi. Lakini Jimmy Johnson, kocha wa chuo cha Miami kuanzia 1984 hadi 1988, hakutegemea mbio za kuzaliwa peke yake. Alimchukua mlinzi wa nyuma mwepesi akamsogeza kuwa lainibeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, na lainibeka akamsogeza mstari wa mbele. Kila nafasi ikapata mtu mwepesi kuliko yule aliyezoeleka pale. Alipoteza kilo kidogo, akapata timu inayofika kwenye mpira ikiwa watu watano sita kwa pamoja.

Nebraska ya kocha Tom Osborne, huko kwenye mashamba ya mahindi, ilifungwa mara kwa mara na timu za jimbo la Florida kwenye mechi za mwisho wa msimu, ikajifunza. Ilibadili ulinzi wake na aina ya vijana inaowatafuta. Januari 1996 iliichapa timu ya chuo cha Florida 62-24.

Dhana: Kucheza haraka haraka ndiyo kasi

Chuo cha Oregon walisifika kwa kuanza mchezo mmoja, yaani jaribio moja la kusogeza mpira, kabla mpinzani hajapumua kutoka mchezo uliopita. Huo ni mwendo wa kuanzisha michezo, jambo jingine kabisa. Katika fainali ya Januari 2015 walikutana na Ohio State, ambayo sasa ilifundishwa na Urban Meyer, kocha yuleyule aliyekuwa na Florida mwaka 2007. Ezekiel Elliott, kijana wa Missouri aliyekimbia viunzi shuleni, alipata yadi 246 na kufunga mara nne. Ohio State ilishinda 42-20.