Hali ya kiungo si jedwali la njia

Juzi hapa Mombasa nimesikia tena mkufunzi akiwaambia vijana: "Ruta za OSPF hupeana jedwali la njia." Hapana. Ruta ni vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao, na jedwali la njia ni orodha ya wapi pa kuipitisha data ili ifike. OSPF na RIP ni itifaki, yaani taratibu ambazo ruta huzifuata kuzungumza. Kupeana jedwali ni kazi ya RIP.

Itifaki za hali ya kiungo (kwa Kiingereza link state), kama OSPF na IS-IS, hufanya hivi: kila ruta hutangaza viungo vyake yenyewe, yaani miunganisho yake na majirani, tangazo husambazwa kwa ruta zote za eneo (kundi la ruta zenye ramani moja), kisha kila moja huchora ramani na kujitafutia njia nafuu, yenye jumla ndogo ya gharama (namba inayopewa kila kiungo, si fedha), kwa kanuni ya Dijkstra, iliyochapishwa 1959.

Tulitazame neno lenyewe. Kiungo kinatokana na kuunga. Hali tuliipata kwa Waarabu, nasi twaulizana kutwa: u hali gani? Ukiulizwa hivyo husimulii hali ya jirani wa nyumba ya nne, wasema yako. Ruta nayo ni vivyo hivyo: "Nimeungana na fulani, gharama ni 10." Ndani ya eneo lake haisemi, "Kwenda Mtwapa pitia kwangu." Wala hali si kuwaka na kuzimika tu, kama wengi wanavyodhani, gharama imo, na aliye upande wa pili yumo.

Weka ruta tatu kwa mstari, tuzipe majina ya huku kwetu Pwani: Mwembe Tayari, Nyali, Mtwapa. Kwa RIP, Mwembe Tayari huambiwa na Nyali kuwa Mtwapa haiko mbali, nayo huamini, maana ramani haina. Kiungo cha Mtwapa kikikatika na kinga hazijawekwa, Nyali huweza kusikia kwa Mwembe Tayari kwamba iko njia ya Mtwapa, isijue kwamba njia hiyo ni ile ile iliyokuwa ikipita kwake. Zitaambizana hivyo, hesabu ya hatua za njia ikipanda, hadi 16 ndipo zikubali kuwa hakufikiki.

Kwa OSPF, kiungo hicho kikikatika, Nyali hutoa tangazo jipya lenye namba ya mfululizo iliyo kubwa zaidi. Mwembe Tayari hulipokea, hufuta ule mstari kwenye ramani yake, hupiga hesabu upya. Hata kebo ikionekana nzima, majirani kwenye Etheneti husalimiana kila sekunde 10 kwa mipangilio ya kawaida. Zikipita 40 bila salamu, jirani huhesabiwa hayupo.

Kwa hivyo, ndugu yangu mkufunzi, waambie vijana kwamba ruta hizi hupeana habari za viungo. Jedwali la njia kila moja hujitengenezea, na hubaki nalo.